Mkono wa Kushoto wa Mchora Valvu

Mchora valvu na mkewe walikuwa uani wakikunja shuka, kila mmoja ameshika pembe mbili, mkono wa kushoto wa mume ulipojinyoosha na kushuka. Haukutetemeka wala kuuma. Kiwiko kilikunjuka taratibu, ngumi ikapita kiuno, ikatulia kando ya paja, na pembe ya shuka ikaburura vumbini.

"Shika vizuri, baba watoto," mkewe alisema. "Nimeifua leo hii."

"Nimeshika. Mkono ndio umeshuka."

"Basi upandishe."

Alijaribu. Vidole vilicheza, ngozi ilihisi upepo, lakini kiwiko hakikukubali kukunjika. Mkewe aliitazama ile pembe, akaona shuka itarudi kwenye beseni, akamaliza kuikunja peke yake huku akinung'unika. Kabla ya chakula cha jioni mkono ulijikunja wenyewe na kumrudia mwenyewe, naye akautumia kushikia bakuli.

Hakuhitaji kuuliza sababu. Asubuhi ya siku hiyo mafundi wa idara ya maji walikuwa wameweka valvu mpya aliyoichora pale chini ya tangi kubwa, mahali ambapo bomba hugawanyika, tawi moja likipanda mtaa wa juu na jingine likishuka mtaa wa chini. Valvu ilikaa kwenye tawi la mtaa wa chini.

Valvu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, naye alipenda kuieleza. Ndani ya bomba kuna bamba la chuma linalopanda na kushuka kama dirisha la basi. Bamba limeshikwa na nondo, nondo imetokeza juu, nayo imeshikwa na wenzo, yaani mpini mrefu wa chuma uliotiwa pini kwenye ncha moja. Ukiunyanyua wenzo, bamba linapanda na maji yanapita. Ukiushusha, bamba linaziba. Valvu za zamani zilikuwa na gurudumu, ukazungusha mpaka mabega yakauma, na ukimaliza hakuna anayeweza kujua kwa kulitazama gurudumu kama umefunga au umefungua. Wenzo ulioko juu uko juu. Mtu aliyesimama barabarani ataona. "Hii ni valvu isiyosema uongo," alikuwa akiwaambia karakana nzima, mpaka wakampa jina la Msema Kweli, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Wachoraji wengine walichukua vipimo vya nyenzo vitabuni. Yeye aliona wenzo utavutwa na mtu, basi utoke kwa mtu. Aliulaza mkono wake wa kushoto juu ya karatasi, akauzungushia penseli kwa mkono wa kulia. Kiwiko kikawa mahali pa pini. Katikati ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, pakawa mahali pa nondo. Ngumi ikawa mahali pa kushikia. Alifanya hivyo kwa kila wenzo aliowahi kuchora, lakini nyingine zote ziliishia kwenye viwanda vya sabuni na mashamba, na hakuna iliyomsumbua. Hii ya mtaa wa chini ndiyo iliyoukamata mkono. Wenzo ukiwa juu, mkono ulikuwa wake. Wenzo ukiwa chini, mkono ulikuwa wa valvu.

Nyumbani walizoea haraka. Mkewe alihamia upande wa pili wa kitanda. Mashati yalipasuliwa mshono chini ya kwapa ili yavalike mkono ukiwa umenyooka. Tatizo lilikuwa kasi. Mtunza valvu, kijana mpole aliyekaa pale tangini na kiti chake cha plastiki, siku nyingine alikuwa na pilika, akausukuma wenzo chini kwa kishindo, na mchora valvu akapiga meza kwa vifundo vya vidole mpaka vikombe vikaruka. Alikwenda kumwona.

"Samahani, mzee," alisema mtunza valvu. "Jana nilikuwa nawahi msiba. Nimekuumiza?"

"Kidogo. Lakini si mimi tu. Ukifunga ghafla, maji yanapiga ndani ya bomba kama nyundo. Utapasua viungo."

"Vya bomba au vyako?"

"Vyote."

Tangu hapo alishusha polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Aliyetangaza habari alikuwa jirani, mama aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa hewani tangu alfajiri. Idara ya maji ilikuwa imejenga kibanda cha matofali kuizunguka valvu, na mlango wa bati wenye kufuli, ili watu wa mtaa wa chini waache kuja kuuchungulia wenzo. Redio akawaambia hakuna haja ya kwenda tangini. Wakaanza kuja kwa mchora valvu. Walisimama mlangoni na ndoo zao, wakasalimia vizuri, wakautazama mkono wa kushoto. Ukiwa umenyooka waligeuka. Ukiwa umekunjika walikimbia nyumbani kuwahi kabla haujashuka tena. Mkewe aliweka benchi nje, maana wengine walikuwa wazee.

Wiki zilivyokwenda, mkono ulikaa chini kwa muda mrefu zaidi. Tangazo kwenye ukuta wa idara lilisema mto umepungua. Mchora valvu alilisoma mara mbili, mkono ukining'inia, kisha akatazama mtaa wa juu, ambako vinyunyizio vilikuwa vinazunguka juu ya majani mabichi ya bustani.

Binti yake wa pekee aliishi mtaa wa chini, naye alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Zahanati ya mtaa wa chini ilikuwa na mkunga mzuri lakini haikuwa na tangi. Mabomba yakikauka, mkunga alifunga chumba cha kuzalishia na kuwarudisha wajawazito nyumbani. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mwezi uliotangulia alizalisha bila maji, na mama yule alizikwa pamoja na mwanawe. Tangu siku hiyo alisema hatatia mikono isiyooshwa ndani ya mtoto wa mtu.

Basi mchora valvu aliishi kwa kuutazama mkono wake. Aliutazama akila, aliutazama akinyoa ndevu. Akiamka aliugusa kwanza kwa mkono wa kulia kabla ya kufumbua macho, kujua umelalaje. Mkewe alikuwa akimuuliza kwa nyusi tu, naye alijibu kwa nyusi.

Mkono ulikuwa umekaa chini siku mbili mfululizo mkwe wao alipoingia uani anahema, shati limegeuzwa ndani nje.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Uchungu umeanza. Mkunga amesema maji kwanza."

"Wauza maji wa mikokoteni?" mama mkwe aliuliza.

"Wote wamepanda mtaa wa juu kuosha magari. Nimeomba majirani wote. Nimepata jagi moja, na ndani yake kuna dagaa anayefugwa na mtoto wa jirani, anaelea."

Mchora valvu alivaa viatu, akaenda ofisi ya meneja wa maji. Alifungwa kamba za viatu na mkewe.

Meneja alimpokea kwa heshima, akamsogezea kiti mwenyewe. Akautazama mkono.

"Naona tumefunga," alisema.

"Mmefunga tangu juzi, mheshimiwa. Tangazo linasema mto umepungua."

"Umepungua. Ndiyo maana tumefunga."

"Mtaa wa juu wananyunyizia majani."

"Mtaa wa juu uko juu, mzee wangu. Tukiacha matawi yote wazi, maji yanateremka yote huko chini, kule hayapandi. Tukifunga chini, yanapanda. Wewe ndiye uliyechora. Nikufundishe mimi?"

"Binti yangu yuko kwenye uchungu. Naomba saa moja tu."

"Hongera sana. Mungu amsaidie." Meneja alichezea kifuniko cha kalamu. "Lakini na mimi nilitaka kukuita. Nani ameuruhusu huo mkono kutoa habari za idara?"

"Hakuna. Unashuka wenyewe."

"Tumejenga kibanda kwa matofali, tumeweka bati, halafu watu wanakuja kusoma kwako. Uwe unauweka mfukoni."

"Haukunjiki, mheshimiwa. Hauingii."

"Basi ukae ndani," alisema meneja, akasimama kumfungulia mlango, kwa kuwa mkono wa kulia wa mgeni ulikuwa umeshika kofia.

Njiani alipita tangini. Mtunza valvu alisimama kumpisha kiti. Aliposikia habari ya binti alisikitika kwa kweli, akavua kofia, akatazama mlango wa bati.

"Kushusha polepole naweza, mzee. Kupandisha nasubiri amri."

Nyumbani mkewe alikuwa ameshafikiri. Alikuwa amekaa juu ya kiti na kamba ya kuanikia nguo mapajani.

"Wenzo ukishuka, mkono unashuka," alisema. "Na mkono ukipanda?"

Mchora valvu alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu siku ya shuka, na alikuwa amelinyamazia. Chuma kinachosukuma husukumwa pia. Lakini alijua kilichokuwa upande wa pili. Bamba likiwa limefungwa, tangi zima huliegemea, likabanwa kwenye kitako chake kama mlango wa kusukuma unaobanwa na umati kutoka ndani. Ndiyo maana michoro yake ya kwanza ilikuwa na bomba jembamba la pembeni, la kupitisha maji kidogo kwanza ili pande zote mbili zilingane, kisha bamba linyanyuke kwa ulaini. Idara iliona bomba la pembeni ni pambo, ikalifuta. Mtunza valvu hakuwahi kupata shida, kwani yeye alikuwa na kipande cha bomba la chuma alichokichomeka kwenye wenzo kuurefusha. Mkono wa mchora valvu haukuwa na wa kuurefusha.

"Tukivuta, pini ndiyo itakayokatika," alisema.

"Pini ipi?"

Akamwonyesha kiwiko.

Mkewe alikipapasa. "Itakatika kabla maji hayajapita, au baada?"

"Sijui. Hilo sikulikokotoa."

Wakamketisha kwenye kiti. Walimfunga sehemu ya juu ya mkono kwenye mgongo wa kiti kwa ile shuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imara kuliko zote. Kamba ya nguo wakaifunga kwenye kifundo cha mkono, wakaipitisha juu ya boriti ya dari. Mkwe alishika mbele, mama mkwe nyuma yake, na Redio, aliyekuwa amefika bila kuitwa, akashika mwisho.

"Nikisema acheni, msiache," alisema mchora valvu.

"Hilo usiwe na wasiwasi nalo," alisema Redio. "Mimi kuacha kitu sijawahi."

Wakavuta. Mwanzo hakuna kilichosogea isipokuwa boriti, iliyotoa vumbi. Wakavuta tena. Kigasha kilinyanyuka kwa unene wa kidole, na mchora valvu alisikia, ndani ya kiwiko, sauti ya maji yakipita mahali pembamba, kama mtu anayesema shii, shii. Akasema acheni. Hawakuacha. Jasho lilimwingia machoni, naye akawa anahesabia kichwani urefu wa bomba hadi zahanati, kona zake, kile kiungo cha sokoni kinachovuja. Wakashikilia mpaka miguu ya Redio ikaanza kuteleza sakafuni. Kisha kiwiko kikalia, mlio mkavu, nao watatu wakaangukiana chali.

Sauti ya maji ilikatika palepale. Ndivyo valvu ilivyochorwa. Idara iliponunua ilitoa sharti moja tu, kwamba pini ikivunjika bamba lianguke na kufunga, kwa sababu maji yaliyopotea ni hasara na maji yasiyofika si hasara. Yeye alikubali, akatia chuma kizito juu ya bamba kwa kazi hiyo.

Kwenye zahanati ya mtaa wa chini bomba lilikohoa, likatoa kutu, likatoa maji ya kahawia, kisha meupe. Mkunga alikuwa ameweka kila chombo chini yake, mpaka kofia ya mlinzi. Alinawa hadi kwenye viwiko. Mtoto wa kike alizaliwa kabla maji ya ndoo ya pili, yaliyochemshwa, hayajapoa jikoni, akaogeshwa, akalia, na mama yake akaogeshwa pia. Wajawazito wengine wawili waliokuwa kwenye benchi walikuta vyombo vitupu, wakarudishwa nyumbani.

Mafundi wa idara walibadilisha pini siku iliyofuata. Meneja alisema ile ya kwanza ilikuwa dhaifu, akaagiza nene zaidi. Hospitalini daktari alikuta kiwiko cha mchora valvu kimeshaunga, na kwenye picha akaona ndani yake kipande cha chuma kinene kuliko mfupa. Aliuliza nani alifanya upasuaji. Alipoambiwa ni idara ya maji, alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akamwandikia dawa ya maumivu.

Alipotoka alikwenda kumwona mjukuu. Binti yake alikuwa ameketi kitandani, amechoka lakini mzima. Alimwekea mtoto kwenye mkono wa kulia, akamkalisha babu sawasawa kwa mto. Wa kushoto ulining'inia hadi karibu na sakafu.

"Umekaza sasa, baba?"

"Umekaza. Hata wakivuta mtaa mzima."

"Ukiruhusiwa kupanda utamshika kwa yote miwili."

"Nitamshika."

Kivuli kiliziba mlango. Walikuwa wanawake watatu na mzee mmoja, wameshika ndoo. Walikuwa wameambiwa nyumbani kwake kwamba yuko huku. Walisalimia, wakampongeza binti, mmoja akasema mtoto ana pua ya babu yake. Kisha wakautazama mkono wa kushoto, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Bado," alisema mzee.

"Bado," alisema mchora valvu.

Wakashukuru, wakageuza ndoo zao, na yule wa mwisho akarudisha pazia la mlango vizuri ili upepo usimpige mtoto.