Taa ya Bi Ottilie

Wendell ana usonji na hasemi, ila kwa kufuata sheria anawashinda mahakimu. Kwa hiyo kila Oktoba namfundisha upya sheria ya Halloween, usiku ambao watoto hujivika kama mizimu na kuomba pipi nyumba hadi nyumba: taa ya baraza ikiwaka, gonga, subiri mlango ufunguliwe. Taa ikiwa imezimwa, pita.

Mwaka huu niliogopa nyumba moja tu. Jirani yetu Bi Ottilie, mwenye nyumba hiyo, alifariki Agosti. Kwingine walikuwa wakimpa Wendell pipi huku wakinitazama mimi. Bi Ottilie alimtazama yeye, akasimama mlangoni na vifundo vyake vya miguu vilivyovimba mpaka mtoto abonyeze kishikwambi kimsemee: "Pipi au vituko!" Nilijipa moyo kwamba nyumba ni tupu, taa itakuwa imezimwa, tutapita.

Tulitoka na Corinne, mwenzake Wendell wa darasa la mahitaji maalumu. Kiti chake cha magurudumu tulikigeuza lori la taka kwa maboksi na rangi ya kijani. Wendell alikuwa mzimu, shuka tu, maana nguo za dukani humwasha.

"We mzimu, tembea! Lori halisubiri maiti," Corinne alimwambia.

"Corinne, adabu."

"Mama Wendell, leo siku ya maiti. Adabu kesho."

Tulipopinda kona, taa ya Bi Ottilie ilikuwa inawaka. Baadaye niliambiwa mpwa wake aliiacha makusudi, wezi wadhani kuna watu. Wendell alishapanda ngazi. Akagonga. Akabonyeza.

"Pipi au vituko!"

Mlango haukufunguliwa.

"Wendell, baba, Bi Ottilie hayupo. Si tulikwenda kumzika?"

Akabonyeza tena, na tena. Mvua ilianza. Mvulana mmoja aliyekuwa akipita na wenzake akacheka: "Kimekwama!"

"Kimekwama kichwa chako!" Corinne akamjibu. "Potea kabla sijakuzoa!"

Nilimshika Wendell mkono, akatoa ule ukelele ninaoujua, ambao mwisho wake ni kujigonga kichwa ukutani. Nikamwachia. Akaketi mbele ya mlango, shuka limelowa.

"Atangoja mpaka lini?" Corinne aliuliza. Sasa hakuwa akitania.

"Mpaka mlango ufunguliwe, au taa izimwe."

"Basi izime. Mimi nasikia baridi."

Swichi ilikuwa ndani. Nilipanda juu ya kiti cha baraza, nikazungusha mkono wa sweta kwenye vidole, nikaifungua balbu. Giza likaingia. Wendell aliinua kichwa, akatazama pale taa ilipokuwa, kisha akasimama na kushuka ngazi bila kuvutwa.

Tulimwacha Corinne kwao. Nyumba zilizobaki zilikuwa zinawaka taa zote, na Wendell, kwa mara ya kwanza akivunja sheria, alizipita zote bila kugonga. Ndoo yake ilikuwa na pipi chache za mwanzo, zinaelea kwenye maji ya mvua.

Taa ya baraza letu ilikuwa inawaka. Akapanda, akagonga mlango wetu wenyewe, akabonyeza.

Ndani hakukuwa na mtu. Nilizunguka mbio hadi mlango wa jikoni, viatu vikiacha matope sakafuni, balbu ya Bi Ottilie ikinigonga mfukoni. Nikafungua mlango wa mbele na kusema kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akimwambia Bi Ottilie kila mwaka, "Lo, mzimu gani huu mzuri!"

Wendell alichungulia nyuma yangu, ndani, akimtafuta mtu mwingine.