Kofia ya Pikapu

Barua ilikuja Jumatano, na haikuomba ruhusa ya mtu. Shamba kubwa la jirani lingenyunyiziwa dawa kwa ndege Ijumaa saa mbili asubuhi, na wenye nyuki waliombwa kuchukua tahadhari. Tahadhari gani, jamani? Nyuki hafungwi kamba kama mbuzi. Dawa ile hukaa kwenye maua wiki tatu, na hakuna aliyewahi kumwambia nyuki asubiri wiki tatu akasikilizwa.

Mama Nyuki, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa na mizinga ishirini na minne, ile ya masanduku. Mumewe alipofariki alimwachia sita. Hiyo mingine aliizalisha mwenyewe, kundi moja akiligawa mawili, mwaka baada ya mwaka, huku ndugu wa mume wakicheka kwamba mjane mwenye akili zake angetafuta wa kumwoa. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kukionyesha na kusema, hiki nimekifanya mimi. Dada yake aliishi kilomita mia nne kutoka pale, milimani, ambako maua yalikuwa yamefunguka na hakukuwa na ndege ya mtu. "Walete," dada alimwambia kwenye simu. "Nafasi ipo. Walete hata leo."

Kuwapeleka ndiko kulikokuwa na kazi. Vituo vya mafuta vilikuwa vimekauka kwa wiki ya pili, mji hadi mji, na pampu zimefungwa minyororo. Tenki la pikapu yake lilikuwa limejaa, lita sitini, kwa bahati tu, na zaidi ya hapo hakukuwa na tone. Ikivuta tela lenye mizinga ya ghorofa tatu, pikapu ilikwenda kilomita sita kwa lita. Sita mara sitini ni mia tatu na sitini. Alipiga hesabu hiyo kwa kalamu, akaipiga kwa vidole, akaipiga tena kitandani, na kila mara kilomita arobaini za mwisho zilibaki pale pale, mlima mtupu.

Aliyemjia na dawa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea, na ndiye pekee katika ukoo ule ambaye hakuwahi kumcheka. Alilizunguka tela mara mbili, akasimama mbele yake akiyatazama masanduku matupu ya ziada yaliyopangwa juu yake. Yalikuwa yametapakaa wadudu waliogandia huko tangu safari ya mwaka jana.

"Unawaona hawa?" alisema. "Hawa wanakuonyesha upepo unapopiga. Sanduku la chini safi, kwa sababu kabini inalikinga. La juu maiti tupu. Shemeji, wewe huvuti tela, unavuta ukuta."

"Sasa nifanyeje?"

"Tuivalishe pikapu kofia. Umeziona kwenye malori, lile bati la juu ya kabini linaloutupa upepo upite juu ya mzigo. Utapata kilomita saba kwa lita."

"Saba una hakika, au saba ya kunifurahisha?"

"Saba. Isipofika, asali yako nisiile tena mpaka nife."

Kwa mtu aliyekuwa akija kila Jumapili na kikombe chake mwenyewe, hicho kilikuwa kiapo kizito. Saba mara sitini ni mia nne na ishirini. Mfa maji haachi kutapatapa, na Mama Nyuki alikubali kabla fundi hajamaliza kueleza.

Alhamisi nzima waliifanyia kazi kofia hiyo. Fundi alilipasua pipa la chuma, akalinyoosha kwa nyundo mpaka likabaki na mpindo mzuri, akalifunga kwa boliti juu ya keria. Kisha akachukua nyuzi za sweta kuukuu, akazibandika mbele ya masanduku matupu waliyoyapanga kwenye tela kwa kimo kilekile cha mzigo. Mama Nyuki akaendesha mwendo mfupi mfupi, kulinda mafuta, fundi akachuchumaa nyuma ya pikapu akizitazama nyuzi. Mara ya kwanza bati lilisimama wima mno. Injini ililalamika na nyuzi zikapigana kama kuku. Mara ya pili lililala mno na upepo ukapiga sanduku la kati. Mara ya tatu aliliinua shibiri moja, na waliposhika kasi akagonga paa la kabini kwa furaha.

"Zimelala," alimwambia kupitia dirishani waliposimama. "Nyuzi zote zimelala, hakuna hata mmoja unaotikisika. Upepo haugusi kitu huko nyuma."

Naye Mama Nyuki, mfugaji wa nyuki kwa miaka kumi na saba, alicheka kwa raha na kumpiga begani. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna.

Walipofika nyumbani boliti mbili zilikuwa zimelegea. Fundi hakutaka mchezo. Akasema ataichomelea kofia moja kwa moja kwenye keria, na keria kwenye paa. Umeme ukakatika jioni hiyo. Mpango ulikuwa kuondoka jua likizama, maana nyuki husafirishwa wakati wa baridi, lakini umeme ulirudi alfajiri, na kazi ikaisha jua limeshachomoza. Walipakia mizinga mbio, milango yake imezibwa kwa wavu wa waya tangu jana. Saa moja na nusu alikuwa barabarani. Mchana haukumtisha. Mwaka jana aliwahamisha mchana vilevile, na waliokufa hawakujaza kiganja.

Na kofia ilifanya kazi, tusimnyime mtu haki yake. Pikapu ilikwenda kama imetua mzigo. Kilomita hamsini, sindano ya mafuta haijabanduka. Kilomita mia, imeinama kidogo tu. Mwanamke aliyekuwa hajalala siku mbili alijikuta akiongea peke yake, akimwahidi shemeji debe zima la asali, akiwapangia nyuki wake mahali pa kukaa kwa dada, hawa chini ya mti ule, hawa karibu na maji. Kilomita mia mbili sindano bado ilikuwa juu ya nusu. Jua lilikuwa kichwani na nchi imekuwa tambarare, kavu, bila mti.

"Ndipo iliponijia harufu," angesema baadaye kila alipoulizwa, na kila mara alianza hapo. Asali ya moto, kama jikoni siku ya kuyeyusha nta.

Alisimamisha gari na kushuka akikimbia. Asali ilikuwa ikitiririka kutoka mizinga ya kati, ikipita kwenye mbao, ikidondoka kwenye lami. Aliweka kiganja kwenye sanduku akakiondoa upesi. Nyuma ya nyavu nyuki walikuwa wamesongamana, wameloa asali, wa nyuma wakiwakanyaga wa mbele ambao hawakuwa wakitikisika. Akaelewa yote mara moja. Nyuzi zililala kwa sababu upepo haukufika pale. Mwaka jana ule ukuta aliouvuta ndio uliowapa nyuki pumzi; ule upepo uliokula mafuta ulikuwa ukipita kwenye nyavu na kuwapoza. Alikuwa ameuzuia kwa mikono yake, akacheka na kumpiga mtu begani.

Alipanda juu ya kabini na spana, akakumbuka hakuna boliti. Akachukua nyundo. Alipiga mpaka ganzi ikamshika mikono, na kofia haikutikisika, kwa maana mchomeleaji alikuwa fundi kweli. Alimwaga maji yake yote ya kunywa juu ya mizinga, yalikauka akiyatazama. Kuendelea kulikuwa kuwapika. Kusimama juani kulikuwa kuwapika pia, polepole.

Akawafungulia. Hapo, kando ya barabara, saa sita mchana, bila maua wala maji, alizing'oa nyavu moja baada ya nyingine bila glovu, kwa sababu glovu zilikuwa chini ya kiti na hakutaka kupoteza dakika. Walimuuma mikono, shingo, kope. Nyuki hajui nani anamwokoa. Waliotoka walizunguka hewani kama waliochanganyikiwa, wengine wakajibandika kivulini chini ya tela, na mizinga mingine ilifunguliwa na hakuna aliyetoka. Alilia kwa sauti, barabara nzima ni yake.

Kisha akaanza kuweka sikio kwenye mizinga, mmoja mmoja. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulivuma kidogo, kama mtu anayenung'unika usingizini. Alifika wa kumi na nne akiwa amesikia mivumo mitatu tu, na simu ikaita. Ilikuwa shemeji.

"Uko wapi? Sindano inasemaje?"

Aliitazama kupitia dirishani, jicho moja limeshavimba na kufunga.

"Juu ya nusu," alisema. "Nimeshapita mia mbili."

Upande wa pili alimsikia akiwageukia watu karakanani. "Juu ya nusu. Si niliwaambia? Mnaniita mwendawazimu." Kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka. "Shemeji, kaka angekuwepo leo angefurahi sana. Nimekaa toka asubuhi naogopa kukupigia."

Mama Nyuki aliitazama asali ikidondoka kwenye lami.

"Imefanya kazi, shemeji," alisema. "Asante."

Akakata simu, akaenda kwenye mzinga wa kumi na tano, akaweka sikio. Hakusikia kitu.