Wafu wa Saa Tisa

Verlin Stucker alikuwa ameuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote jimboni Indiana, na magoti yake yalikuwa na kumbukumbu ya kila kifo. Alianza kufa nywele zake zikiwa bado na rangi. Kila mwisho wa wiki wa Septemba, kwenye tamasha la maigizo, alivaa suruali ya sufu na koti la kitani, akashika uma wa nyasi, akawaongoza wanakijiji wa Kiingereza wa zama za kale kung'oa uzio ambao bwana mkubwa alikuwa amezungushia malisho yao. Wakauvunja. Askari wa mfalme wakaja. Wanakijiji wakafa wote, na watu waliolipa kiingilio wakapiga makofi huku wanatafuna mapaja ya bata mzinga.

Jumapili hiyo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya hema, anahangaika na kamba za viatu. Jua lilikuwa limekaza kama lina kesi na mtu. Dorcas Imhoff, aliyelishonea kundi zima maleba yake, akaja na sindano kati ya midomo, akaipachika kwenye ukosi wake mwenyewe ili apate kusema.

"Umelala lakini?"

"Kama gogo."

"Gogo halikoromi, mzee. Umeamsha kambi nzima." Akaketi juu ya sanduku. "Nimekutana na Lyle, mfalme wetu. Amekwisha vaa taji, kichwa kimemvimba. Eti leo atapita uwanjani na farasi watano sisi tukiwa bado chini, halafu watu wafunguliwe waende madukani. Nikamwambia, Lyle, umeanza kunywa asubuhi. Verlin kwanza huinua watu wake."

Verlin akavuta kamba. Ikakatika.

"Nasema na wewe, bwana."

"Nimekusikia."

"Basi niambie Lyle amelewa."

Verlin akaifunga kamba fundo pale ilipokatikia. Hakuinua kichwa. Dorcas alimtazama kisogo muda mrefu, kisha akaichomoa sindano kwenye ukosi na kurudi hemani. Ingekuwa nafuu kama angetukana.

Lyle hakuwa amelewa. Ijumaa, watu wakiwa bado wanapiga hema, alikuwa amekuja Kendra Vossler, meneja mpya. Tamasha lilikuwa limenunuliwa na kampuni fulani ya mbali, na Kendra ndiye aliyetumwa kulikamua. Wakubwa wa dunia ya leo hawaji tena na mikuki. Wanakuja na chupa ya maji baridi, wanakuita kwa jina lako la kwanza, wanakuuliza mgongo unaendeleaje, na ukimaliza kunywa unakuta umetia sahihi.

"Vita vyenu watu wanavipenda, Verlin," alisema Kendra. "Tatizo ni pale mwishoni. Unapita kwa kila mtu, unamshika mkono, unamwita. Watu wanaanza kutazama simu zao. Wengine wanakwenda zao garini moja kwa moja, hawapiti hata dukani."

"Ndiyo desturi yetu."

"Naelewa. Mtasimama tu wenyewe uwanja ukishakuwa mtupu. Hakuna kitakachopungua. Na wewe utapumzika, si unaona hali yako?"

Hapo ndipo alipompatia. Verlin alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha vioo, msemaji wa wafanyakazi, mtu aliyejua kwamba kila sharti la usalama lililobandikwa ukutani lina mtu chini yake: hili lina vidole vya Fulani, lile lina macho ya Fulani. Mabosi walipotaka kubandua sharti, Verlin alikuwa akisimama na kulitaja jina la mtu yule mbele ya wote, mpaka waone haya au wachoke. Kisha kiwanda kikafungwa, na masharti yote yakang'olewa pamoja na kuta zake. Mtu hupigana hivyo mara ngapi? Alimtazama Kendra, akayatazama magoti yake, akasema, "Sawa." Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Wala hakuwaambia wenzake; Lyle alipashwa habari na Kendra mwenyewe. Alitumaini jambo litapita lenyewe kama mvua ya jirani.

Lakini sharti hili nalo lilikuwa na mtu chini yake, na mtu huyo aliitwa Hollis Imhoff, mume wa Dorcas. Hollis alikuwa bingwa wa kufa. Wengine walianguka kwa kujihurumia, wakitanguliza mkono wasijiumize, wakitafuta kivuli cha ule mti wa mjozi ulio pembeni mwa uwanja. Hollis alianguka kama mti. Mwaka mmoja wa joto kali alianguka hivyo hivyo, katikati ya jua, na Dorcas, aliyekuwa akiigiza mjane kama siku zote, akamwendea akapiga magoti, akalia kilio chake cha kila wiki. Alimwita kwa jina la mchezo. Hollis hakujibu, kwa kuwa maiti hajibu. Watu wakapiga makofi. Mpiga mbiu akatangaza, "Wafu, inukeni," wenzake wakainuka, wakainama kushukuru, na mmoja akamsukuma Hollis kwa ncha ya kiatu, akimtania kwamba onyesho limekwisha, acha kujidai. Joto lilikuwa limekwisha kumuua, Dorcas angali analia machozi ya uongo juu yake.

Waliokuwa wakiendesha tamasha wakati ule walileta shada la maua, na maji hawakuongeza. Ni kundi lenyewe lililotunga sharti. Hakuna anayeinuka mpaka kiongozi ainuke kwanza. Kiongozi humwendea kila aliyelala, humshika mkono, humwita kwa jina lake la nyumbani, si la mchezo. Naye aliyeitwa hujibu kwa sauti, "Nipo." Na ili pasiwe na fujo, wafu hawamjibu mtu mwingine yeyote. Hayo ndiyo yaliyowafanya watu watazame simu zao.

Saa tisa ngoma ikalia.

Verlin alitoa hotuba yake juu ya gari la kukokotwa, ile ya kwamba nyasi ziliota kabla ya bwana mkubwa kuzaliwa na zitaota akisha kufa. Zamani hotuba hiyo ilikuwa ikimpandisha damu. Sasa aliisema kama mtu anayemsomea mtoto mgonjwa kitabu cha jana. Wakaung'oa uzio. Askari wakashuka kilimani. Tate Ruggles, mwenye mgongo mbovu, akafa mapema, haki aliyopewa na kundi zima, na safari hii akafa mbali kidogo na kivuli kwa kuwa askari mmoja alikuwa amekizuia.

"Nisogee kidogo, ndugu," Tate alinong'ona akiwa maiti.

"Umekufa, nyamaza," askari akamjibu.

Kiongozi hufa wa mwisho. Verlin akachomwa ubavuni kwa upanga butu, akashuka kwa goti moja, kisha la pili, kisha akalaza shavu kwenye majani. Ardhi ilikuwa na joto la mkate. Kusema kweli, palikuwa pazuri. Hakuna aliyemtaka kitu. Alifumba macho akawaza kwamba hivi ndivyo mambo yanavyokwisha, mtu anaachwa alale, na asiyetaka kulala shauri yake.

Tarumbeta ikalia langoni. Farasi walikuwa wanapangwa. Kilichobaki kilikuwa kilio cha mjane tu, kisha mfalme apite.

Dorcas akaja akipita kati ya maiti kwa shela lake jeusi. Mume wake wa mchezo sasa alikuwa Tate. Verlin alimsikia akipiga magoti, akaanza kuhesabu maneno ya kilio kichwani, maana aliyajua yote. Hayakuja.

"Tate," alisema Dorcas. "Tate Ruggles."



"Tate Ruggles, nijibu."

Tate hakujibu. Angejibuje? Sharti linasema wafu humjibu kiongozi peke yake, na Tate alikuwa mtu wa kushika masharti. Pengine alidhani Dorcas ameongeza utamu kwenye mchezo. Akakaza kufa.

"Tate. Sema upo. Nakuomba sema upo."

Sauti ilikuwa imepanda, imekwaruza, haikuwa ile ya kila wiki. Verlin akafumbua jicho. Alimwona amemkamata Tate kwenye kola anamtikisa, na kichwa cha Tate kinakwenda huku na huku, kilegevu, kama mwigizaji mzuri. Au kama mtu aliyekufa. Kutoka pale alipolala hakuweza kujua.

Na watu wakaanza kupiga makofi.

Yakaanzia viti vya mbele yakapanda juu, makofi ya watu walioguswa. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani, huyu mama anajua." Verlin aliyatambua makofi hayo. Aliwahi kuyasikia siku moja tu, na tangu siku ile hakuyasahau.

Alijaribu kuinuka na goti likakataa. Akajaribu tena kwa kuegemea uma wa nyasi, na safari hii likakubali kwa malalamiko. Nyuma yake lango lilikuwa limefunguliwa, Lyle yuko juu ya farasi ndani ya deraya yake, na farasi wanne nyuma yake. Pembeni mwa uwanja Kendra alishika redio ya mkononi, anamtikisia kichwa taratibu kama anayemkataza mtoto peremende.

Verlin akatembea. Hakukimbia, hakuwa na nguvu za kukimbilia. Akafika, akamwondoa Dorcas vidole vyake kwenye kola kimoja kimoja, akamshika Tate mkono.

"Tate Ruggles."

"Nipo," Tate akasema papo hapo, akafumbua macho. "Nipo, mzee. Mgongo ndio umekufa. Huyu mama kaumalizia." Kisha akauona uso wa Dorcas, na utani ukamkauka mdomoni. "Dorcas. Mimi nilidhani... Nisamehe."

Dorcas alikaa chini kwenye majani, mikono mapajani, akipumua.

Verlin akaenda kwa wa pili. Akamshika mkono, akamwita, akajibiwa. Akaenda kwa wa tatu. Makofi yalikuwa yamekufa, watu hawaelewi wapige au wasipige. Baadhi yao walitoa simu, kama Kendra alivyosema. Wengine walianza kuteremka ngazi kwenda kutafuta bia. Jua halikumhurumia mtu.

"Verlin," mfalme akaita kwa sauti ya chini kutoka langoni. "Harakisha, ndugu yangu. Nachemka humu ndani kama yai."

"Shuka," Verlin akamwambia.

"Siwezi kushuka peke yangu, unajua siwezi."

"Basi chemka."

Wale waliokuwa bado maiti walicheka wamefumba macho, matumbo yakiwatikisika, na kila mkono alioushika Verlin ulikuwa na joto, na kila jina lilijibiwa. Hakuna aliyekuwa amekufa. Siku nyingi huwa hakuna aliyekufa, na ndiyo maana mabosi huona ni kupoteza muda. Aliwapitia wote mpaka yule wa mwisho kabisa chini ya mjozi, ambaye alikuwa amesinzia kweli na ikabidi aitwe mara mbili. Alipomaliza, viti zaidi ya nusu vilikuwa vitupu, na farasi wakapita mbele ya watu waliobaki, mmoja wao akiacha mavi njiani.

Kendra alimkuta nyuma ya hema, juu ya ndoo ile ile. Safari hii hakuja na maji.

"Tulikubaliana, Verlin."

"Tulikubaliana. Mimi ndiye niliyekubali, wao sikuwauliza. Hilo kosa ni langu."

"Hakuna mtu aliyeumia leo. Nilikuwa natazama."

"Kweli."

"Sasa?"

"Sasa unajua hivyo kwa sababu wameitwa, wakajibu."

Kendra hakuwa mtu mbaya kwa sura, alikuwa amechoka naye, na poda ilikuwa imemwachia mistari mashavuni. Alisema mkataba wao utaheshimiwa mpaka mwisho wa Septemba. Mwakani kampuni itatafuta kundi jingine, lenye vita vifupi.

"Tafuteni," Verlin akasema. "Lakini hao mtakaowapata, mwekeeni maji karibu yule anayekufa vizuri. Huyo ndiye wa kuhofia."

Kendra alipokwisha kuondoka, Dorcas akatoka hemani na mkasi. Akapiga magoti mbele ya Verlin, akatazama lile fundo la kamba lililolowa jasho na kuwa jiwe, akalikata bila kujisumbua kulifungua.

"Ulimwambia sawa," alisema, macho kwenye kiatu.

"Nilimwambia sawa."

"Siku ngapi?"

"Tangu Ijumaa."

"Na ulikuwa unakunywa kahawa yangu asubuhi zote hizo."

"Nilikuwa nakunywa."

Akamvua kiatu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mguu ulikuwa umevimba. Aliuweka chini polepole hata hivyo, juu ya shela lake jeusi lililokunjwa.

"Jumamosi ijayo?" akauliza.

"Magoti yakikubali."

"Sijauliza magoti."

Verlin alitazama upande wa uwanja. Vijana wa kampuni walikuwa wamekwisha anza kuurudisha uzio, wanapigilia vigingi ili uwe tayari kung'olewa wiki ijayo. Alitamani kulala mwezi mzima.

"Nitawainua," akasema. "Haya, kata na kamba ya mguu wa pili, kabla sijasinzia hapa mkadhani mambo mengine."

"Verlin Stucker," Dorcas akamwita, mkasi mkononi.

"Nipo," akajibu.