Skrubu Fupi ya Baba

Baba aliendesha malori hadi mgongo ukamkatalia, lakini mkono wake bado haujapata habari kwamba kazi imekwisha. Kila nati anaikaza mpaka ilie. Siku hizi gari lake ni la rimoti, linaenea kwenye sanduku la viatu, na mkono ni uleule.

Mpinzani wake kwenye mashindano ya vigari ni Utingo, msaidizi wake wa enzi za lori. Zamani, lori likikwama mlimani, Utingo aliruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hajaacha. Kila kigari cha Baba kinaposimama katikati ya mashindano, mota ikilia bure, mzee huyo hukimbia uwanjani na kuweka kokoto nyuma ya kigurudumu.

"Tayari, Dereva! Halirudi nyuma!"

Watu huvunjika mbavu. Baba naye hucheka, ila mara ya mwisho alirudi nyumbani na kuweka sanduku tupu mlangoni.

"Nikishindwa tena Jumapili, nakitia humo nakigawa."

Roho iliniuma. Tangu aache lori, hicho kigari ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani huku akipiga mluzi.

Jumamosi nilimwaga skrubu zake zote mezani. Ubovu niliujua: gia ndogo ilikuwa ikiteleza kwenye shafti, kile kijiti cha chuma kinachozungushwa na mota. Inashikiliwa na skrubu moja tu isiyo na kichwa, ndogo kama punje ya mchele. Baba akaokota ndefu kuliko zote.

"Ndefu ndiyo inayoshika, binti."

"Hiyo itatokeza, Baba. Gia ikizunguka itagonga fremu."

"Mimi nimefunga magurudumu ya lori!"

"Na hizi je?" Nikamwonyesha za zamani. Vitundu vyake vya pembe sita vilikuwa vimeliwa hadi vikawa duara, ufunguo hauna pa kushika.

"Skrubu ya mfuniko wa sufuria yangu aliimaliza hivyohivyo!" Mama alidakia kutoka jikoni.

Nilichagua fupi, inayozama yote ndani ya gia, ncha yake ikikaa sawasawa kwenye upande bapa wa shafti. Nikaitia tone la gundi, nikampa Baba ufunguo.

"Mkono wa kushoto. Vidole viwili."

Alinuna, kisha akakaza, ulimi nje. Alipotaka kuongeza kidogo, Mama alitokea na mwiko.

"We mzee! Acha!"

Akaacha.

Jumapili kigari kilikata kona zote bila kulalamika. Kigari cha Utingo kilikuwa nyuma yake kidogo tu; Utingo akaogopa, akabonyeza rimoti kwa pupa. Mota ya kigari chake ikalia, magurudumu yakagoma. Baba akavuka mstari. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, nami nikaruka kama mtoto.

Baba akanipa rimoti, akatia mkono mfukoni, akatoa kokoto. Kumbe aliitunza. Alitembea hadi kwenye kigari cha mwenzake, akapiga magoti taratibu na huo mgongo wake, akaiweka nyuma ya gurudumu.

"Tayari, Utingo. Halirudi nyuma."

Utingo alikaa chini akacheka hadi machozi. "Dereva, umeweka skrubu gani?"

"Njoo nyumbani nikuonyeshe. Ila uje na mkono wa kushoto."

Tulipofika, sanduku lilikuwa bado mlangoni, limejaa vitunguu. Mama alikuwa amevitia tangu asubuhi, kabla hatujaondoka.