Gari Lisilonguruma

Nimeendesha basi miaka thelathini na moja, na sikumbuki kuwahi kutazama dashibodi ili nijue kama injini inawaka. Ya nini? Injini ilikuwa ubavuni mwangu, chini ya kifuniko kilichoniunguza paja, ikipiga kelele kutwa kwenye sikio langu la kushoto. Ukiizima, kimya. Kimya maana yake umezima, shuka uende zako. Hivyo ndivyo nilivyojua gari.

Halafu nikastaafu, na watoto wetu wakachanga wakatununulia haibridi. Gari zuri, sikatai. Lina injini ya mafuta na lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Linatembea kwa umeme kimya kimya, kisha injini inajiwasha yenyewe ikiona betri imeshuka, na kujizima ikiona imetosha. Halimuulizi mtu. Unasimama kwenye foleni unadhani limezimika, kumbe linakusubiri. Mke wangu alilipenda tangu siku ya kwanza. Mimi nililiogopa, ila ningekirije? Mtu aliyepita kwenye madaraja yaliyofunikwa na maji, na abiria sitini wanaomba dua, leo aogope kigari?

Kulitunza nililitunza. Binti wa marehemu dada yangu ni fundi, ana gereji yake mwenyewe mitaa michache kutoka kwetu, na alinifundisha kusafisha tundu la feni inayopoza betri, pembeni mwa kiti cha nyuma. Mke wangu ni mshonaji, vitambaa vyake hupanda humo, na nyuzi huziba lile tundu. Kila wiki mbili nilipiga magoti na brashi nikatoa manyoya ya rangi zote. Fundi aliniambia pia, si mara moja: "Mjomba, hili gari usilisikilize. Litazame. Taa ya kijani kwenye dashibodi ikiwaka, gari liko hai, hata kama limenyamaza."

Nilimwitikia, kisha nikaendelea na yangu.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Masikio yangu yalikuwa yamekwisha. Sauti nzito nilizipata kidogo, lakini nyembamba zilishaniaga: simu, birika, na kile kilio ambacho gari hutoa ukishuka na ufunguo mfukoni kabla ya kulizima. Wanasema linalia pi-pi-pi. Mimi sijapata kulisikia. Aliyelisikia ni mke wangu, aliyekuwa akipaza sauti kutoka kwenye cherehani yake: "Dereva! Gari lako linakuita!" Nami narudi, nabonyeza kitufe, najifanya nimesahau miwani. Niliogopa kunyang'anywa leseni. Niliogopa zaidi kuwa yule babu anayeongezewa sauti mezani kama anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Siku ile, wakati wa chakula cha mchana, mke wangu aliweka kijiko chini akaniambia nikapimwe masikio. Nilipandwa na hasira.

"Masikio yangu hayana kasoro. Na usiniiteite tena kwa habari za gari, mimi si mtoto."

Alikusanya sahani akaenda kushona.

Chumba chake cha kushonea nilikijenga mwenyewe ndani ya banda la gari. Ni ukuta wa mbao nyembamba tu, haufiki hata kwenye dari. Alasiri nilitoka kidogo na gari, mvua ikaanza kunyunyiza, nikarudi na kuliingiza bandani. Kiyoyozi nilikuwa nimekifungulia chote ili vioo visifanye ukungu. Nilisimama. Kimya. Nikashuka. Nikafunga lango la bati hadi chini, vitambaa vyake visilowe, nikatoka kwa miguu kwenda gereji kuchukua kichujio kipya cha ile feni. Sikumuaga. Nilikuwa bado nimenuna.

Gereji nilikaa saa nzima na zaidi. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, nami nikajimiminia chai na kuanza hadithi zangu za basi, ambazo amezisikia tangu akiwa na meno ya utoto. Mwishowe alitoka, akafuta mikono, akanipa kichujio.

"Gari umeliacha wapi, Mjomba?"

"Bandani."

"Umelizima lakini?" Alikuwa anatania. Kila mara hunitania hivyo.

Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo, na ndiyo haikutoka. Nilitafuta kidole changu kikibonyeza kitufe, nikakikosa. Nilikumbuka kile kimya tu.

Uso wa fundi ulibadilika. "Mjomba. Shangazi yuko wapi?"

"Anashona."

"Lango umefunga?"

Nilipiga simu, nikaibandika sikioni kwa nguvu mpaka ikaniuma, nikitazama kioo kila mara kuona kama amepokea. Hakupokea. Nikapiga tena. Fundi alishaichukua pikipiki ya mteja, nikapanda nyuma na kumshika mabega. Mvua ilitupiga usoni. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia, mengine ya kumbembeleza, mengine ya kugombana. Nilimwona mke wangu ameinamia cherehani. Nikajiambia amelala tu, amekasirika tu, hataki kupokea simu ya mtu mwenye mdomo mchafu. Nilitamani sana awe amekasirika.

Tulipofika, nilisimama mbele ya lango nisisikie lolote. Ukimya uleule. Nikapata matumaini kidogo, nikaweka kiganja juu ya bati. Bati lilikuwa linatetemeka.

"Injini inawaka!" fundi akapiga kelele. Hiyo niliisikia. "Vuta pumzi hapa nje, usivute ule moshi wa ndani!"

Tuliinua lango pamoja. Fundi aliufungua mlango wa gari, akazima. Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya ule ukuta wangu wa mbao. Mke wangu alikuwa sakafuni, kiti kimeanguka, mkono mmoja umeshika gauni la mteja. Nilimwita. Nikamwita kwa jina lake la usichana ambalo sijalitumia tangu tuoane. Shingo yake ilikuwa nzito, kichwa kinakwenda kokote ninakokipeleka. Sijui nilimbebaje, goti langu hili halibebi hata gunia. Tulimlaza uani, mvua ikimnyeshea, na fundi akaweka sikio kifuani pake.

Nilimtazama fundi. Mimi mwenyewe nisingeweza hata kujua kama moyo wake unapiga.

"Upo," akasema, na nikaketi kwenye maji.

Kituo cha afya walimwekea oksijeni. Muuguzi alisema tumemuwahi kidogo tu, robo saa nyingine angekuwa ananiambia maneno mengine. Niliambiwa nikae, nikashindwa. Nilisimama kando ya kitanda nikimshika vidole, vyenye sugu ya sindano, mpaka alipofungua macho.

Alinitambua. Alianza kuniambia kitu.

Barakoa ya oksijeni ilikuwa imemfunika pua na mdomo. Niliona kifua kikipanda, niliona ukungu ukija na kutoweka ndani ya plastiki, na sikupata neno hata moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikimsikia mke wangu kwa macho, nikiisoma midomo yake mezani, kitandani, kila mahali, na sasa midomo haikuwepo. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kama ninavyofanya siku zote. Akarudia. Nikatikisa tena. Machozi yakamtoka.

Muuguzi aliinama karibu naye, akasikiliza, kisha akanigeukia na kusema polepole:

"Baba, anasema alikuita. Ulipokuwa unatoka bandani, gari lilikuwa linalia. Anasema alikuita mara tatu, akadhani umemsusia, naye akaliacha akaendelea kushona."

Wagonjwa wengine walikuwa wananitazama, na fundi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwinamia mke wangu mpaka paji langu likagusa barakoa.

"Sikukususia," nikamwambia. "Sikusikia. Sisikii, mke wangu. Hata sasa hivi sikusikii."