Ekzosi ya Bwana Gramu

Wazimu wote, ukimuuliza Bi Kelele, ulianzia kwenye katalogi. Kurasa sitini na nne za karatasi nzito inayong'aa, na mume wa mdogo wake aliileta kwenye chakula cha mchana cha Jumapili nyumbani kwa mama mkwe wake, yaani mama yake Bi Kelele, akaitandaza mezani hata kabla sahani hazijaondolewa. Alikuwa anaagiza gari la spoti. Dogo, jepesi, la watu wawili, kilo mia tisa bila dereva. Mtu mzima, meneja wa ghala la vigae, baba wa watoto wawili, anaagiza gari lisilo na pa kuweka hata mkoba wa shule. Haya, pesa ni zake. Lakini kwa nini wengine waadhibiwe kwa kusomewa?

Maana aliwasomea. Gari la aina hiyo huchaguliwa kitu kimoja kimoja: viti, mikanda, breki, hata zulia. Shemeji akavaa miwani, akakohoa, akaanza. Kiyoyozi akakitoa, kilo kumi na mbili zimepungua. Redio nje. Zulia nje. Kirungu cha gia akachagua cha nyuzi za kaboni, kwa kuwa ni chepesi kwa gramu themanini. Gramu themanini, jamani, na huku tumbo lake limetangulia mezani na mkono unarudi kwenye bakuli kwa mara ya tatu. Halafu, baada ya kubana na kubana, akaagiza viti vya ngozi nene vilivyoshonwa kwa uzi mwekundu, vizito kuliko kile kiyoyozi alichokitupa. Mama mkwe kila ukurasa alimpongeza. Alikuwa haelewi hata neno moja, ila alipenda picha.

Bi Kelele alinyamaza mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Jina hilo si la kuzaliwa, alipewa na madereva. Kazi yake, huu mwaka wa kumi na moja, ilikuwa kupima sauti za magari kwenye uwanja wa mbio ulioko pembeni mwa mji. Kila Jumamosi wenye magari yao huja kukimbia raundi chache wajione wanaume, na kabla ya kuingia hupita kwake. Ng'ambo ya ukuta wa uwanja kuna maghorofa ya watu, na watu hao wamekwisha kulalamika. Desibeli tisini na nane, basi. Ikizidi moja, unarudi ulikotoka. Uwanja ulikuwa umeshapata barua mbili za onyo, na ya tatu ingekuja na kufuli.

Sasa ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na ekzosi ya titani, mabomba mawili wazi, bila silensa ya kumeza kelele. Shemeji akaipigia alama ya vema huku macho yanamng'aa. Bi Kelele, kwa nia njema kabisa, akamwambia ekzosi hiyo haipiti kwao, achukue ile ya kawaida, kwani lengo lake si kukimbia? Shemeji akacheka. Akamgeukia mama mkwe akamweleza kwamba yeye ameongea na wahandisi, na shemeji yake, pamoja na heshima zote, kazi yake ni kushika kifimbo getini.

Bi Kelele akabetua midomo. "Sawa, Bwana Gramu," akasema.

Watu walivunjika mbavu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Watoto wa shemeji mwenyewe wakalirudia jina lile wakizunguka meza. Yeye naye alicheka, lakini meno tu. Mtu pekee ambaye hakucheka kabisa alikuwa mdogo wake Bi Kelele, aliyesimama akaanza kukusanya sahani zenye chakula bado.

Miezi sita ikapita, gari likafika, la rangi ya chungwa bivu. Kwa muda wote huo mdogo mtu hakukanyaga kwa dada yake. Kila akipigiwa simu ana kazi, ana mafua, ana wageni. Bi Kelele akasema moyoni, ndiyo hivyo, ameolewa na katalogi. Kisha Alhamisi moja yule mdogo akapiga simu mwenyewe. Mume wake anakuja uwanjani Jumamosi kwa mara ya kwanza, amealika watu wa kazini, na mama anakuja pia. Anaomba kitu kimoja tu. "Mwache azunguke, dada. Usimchokoze. Nyumba yangu iko hapo."

Nyumba na ekzosi wapi na wapi? Bi Kelele alimuuliza hivyo hivyo. Mdogo wake akasema basi, akakata simu. Bi Kelele akasonya peke yake jikoni. Msichana aliyekuwa anabishana na walimu darasani mpaka anatolewa nje, leo amegeuzwa msemaji wa tumbo la mtu.

Jumamosi ikafika. Ungemwona Bwana Gramu! Ovaroli ya mbio isiyoshika moto, mpya, imembana, jina lake limetariziwa kifuani. Glavu. Viatu vyembamba vya dereva ambavyo alitembea navyo kwa tahadhari kwa sababu ya kokoto. Helmeti alikuwa ameshaivaa tangu kwenye maegesho, na kutoka maegeshoni hadi mstari wa kupimia magari huenda mwendo wa kobe. Jukwaani watu tisa wa ghala la vigae walikuwa wameketi na simu zao tayari, mama mkwe katikati yao chini ya mwavuli, na mkewe pembeni kabisa, mikono mapajani.

Utaratibu ni mfupi. Gari linasimama juu ya zege, kipimo kinawekwa kwenye mguu wake nusu mita kutoka mdomo wa bomba, dereva anapiga resi mpaka mshale wa kasi ya injini unapofika panapotakiwa, basi. Bwana Gramu akapiga resi. Ndege waliokuwa juu ya bati la ofisi wakahama. Mama akaziba masikio huku anatabasamu. Bi Kelele akasoma kipimo, akakisoma tena, na hapa lazima tuseme ukweli wake hata kama ni mtu wetu: roho yake ilisuuzika. Mia na saba.

Na kuna ukweli mwingine. Kwenye droo ya meza yake kulikuwa na vizibo vitatu, vipande vya bomba lenye matundu ambavyo huchomekwa ndani ya ekzosi na kubanwa kwa boliti moja. Vinapunguza nguvu ya gari kidogo na kelele nyingi. Dakika mbili, kazi imekwisha. Asubuhi ile ile alikuwa amemwazima kimoja mwoka mikate mwenye gari kuukuu, tena kwa utani na kicheko. Madereva wote waliozidi desibeli alikuwa akiwapa, bila kuombwa. Siku hiyo mkono haukwenda kwenye droo. Tena, namba ambayo siku zote huiandika kwenye kikaratasi na kumpa dereva mkononi, leo aliiandika kwa chaki kwenye ubao, kubwa, upande unaotazama jukwaa.

"Mia na saba," akasema kwa sauti ya mstari mzima kusikia. "Toka kwenye mstari, Bwana Gramu."

Madereva walicheka. Watu wa ghala la vigae nao walicheka, kwanza mmoja, halafu wote, na jina likaanza kupita jukwaani mdomo hadi mdomo. Hilo watalibeba mpaka kazini, akawaza Bi Kelele, na wazo likamkaa vizuri.

Bwana Gramu akabisha. Kipimo ni kibovu. Upepo. Zege linarudisha sauti. Akaitwa msimamizi wa uwanja, mtu mpole asiyependa ugomvi, naye akazitaja zile barua mbili na kuondoka haraka. Mama akashuka jukwaani na mwavuli wake, akamshika Bi Kelele mkono, akamwambia dakika tano tu, mwanangu, kwani hao wa maghorofani watakufa? Bi Kelele akamwonyesha kibao cha masharti. Alikuwa na adabu nyingi sana siku hiyo, adabu ile ya mtu anayejua ameshinda. Bwana Gramu akarudi kwenye gari lake, akaketi ndani, akajifunga mikanda yake ya pointi nne, ya kwenda wapi hakuna ajuaye.

Ndipo mdogo wake akaingia ofisini na kufunga mlango.

Hakulia. Bi Kelele alikuwa amejiandaa kwa machozi, na kwa hotuba ya kumtetea mume, na majibu yote alikuwa nayo mkononi. Mdogo wake alisimama karibu na kabati, akaongea taratibu, chini kwa chini, mpaka Bi Kelele akalazimika kuinama mbele.

"Unajua baada ya ile Jumapili ya katalogi alikaa siku ngapi bila kusema neno?"

Bi Kelele akakisia siku mbili.

"Ishirini na sita. Hanipigi, dada. Hatukani. Ananyamaza. Ananipita korido kana kwamba mimi ni ukuta. Akitaka kitu anamwambia mtoto, mwambie mama yako. Nikimgusa bega anasimama tu mpaka nitoe mkono. Ilipofika wiki ya pili, yule mtoto mdogo naye akaacha kuongea mezani. Sasa tunanong'ona wote watatu, hata akiwa kazini. Na ile haikuwa mara ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemcheka," mdogo wake akasema. "Na mimi ndiye ningekaa zile siku."

Bi Kelele aliona aibu, aibu ya kuwasha shingo, na chini ya aibu hasira, na safari hii hakuweza kuitupa yote kwa yule mwanamume. Akavuta droo. Akachukua kizibo, akachukua spana, akatoka nje karibu anakimbia.

Gari lilikuwa chini sana, ikambidi apige magoti kwenye zege ili uso wake ufikie dirisha. Watu walikuwa wanatazama. Wacha watazame. Akamwonyesha kizibo, akaeleza dakika mbili, boliti moja, ataingia na kundi linalofuata na kuzunguka mpaka achoke. "Shemeji, nisamehe," akasema. "Nilipaswa kukupa mapema. Kosa ni langu, nimesema mbele za watu."

Bwana Gramu alitazama mbele. Ndani ya helmeti jasho lilikuwa linamtiririka kwenye nyusi, maana kiyoyozi alikitoa. Alikaa hivyo muda ambao ungetosha kufunga kizibo mara mbili. Kisha akainua mkono wenye glavu, akamwita mama mkwe aliyesimama hatua tatu tu kutoka pale.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "mwambie binti yako mkubwa sihitaji. Na huyu mwingine mwambie tunaondoka."

Mama akatabasamu, hakuelewa. Bi Kelele alielewa. Bado yuko magotini akamshika sketi mdogo wake, aliyekuwa amemfuata nje, akamwambia abaki, leo alale kwake, kesho wataona. Mdogo wake akamjibu kwamba watoto wako nyumbani na jirani. Akazunguka upande wa pili, akajiingiza kwenye kile kiti cha ngozi.

Mikanda ile ni migumu kwa asiyeijua, kuna ya mabegani na ya kiunoni, na yote huishia kwenye kifungo kimoja. Mumewe alitazama mbele huku mkewe akipapasa. Mwishowe Bi Kelele akazunguka, akainama ndani, akamfunga mdogo wake mwenyewe, mkanda mmoja baada ya mwingine, akauvuta kila mmoja kuhakikisha umeshika. Mdogo wake alimpigapiga mgongo wa mkono mara mbili, ndiye aliyemtuliza mwenzake.

Wakaondoka kwa kishindo. Sauti ilisikika mpaka mzunguko wa barabara kuu, na watu wa jukwaani walikuwa bado wanacheka.

Msimamizi alipita baadaye akampongeza, akasema leo umetuokoa, mwingine angempitisha kwa undugu. Bi Kelele akaitikia. Akapima magari kumi na tisa yaliyobaki, akawapa vikaratasi vyao mkononi. Ubao aliufuta kwa kiganja. Mama yake alimuuliza mara mbili mbona amebadilika uso, akasema jua.

Saa tisa alasiri akaingia ofisini, akapiga simu. Iliita sana. Ilipopokewa, kwanza hakukusikika kitu, wala redio, wala mtoto, wala kijiko kwenye sahani.

"Tumefika," mdogo wake alinong'ona.

Bi Kelele akamwambia hamsikii vizuri, aongee kwa sauti.

"Siwezi," mdogo wake akasema. "Ameshaanza."