Jiwe la Kambi ya Zamani

Mama Josephina, jirani yao kina Loyce, anasema alimwona mzuka kwa macho yake. Mchana kweupe mwanamke asiyemjua alisimama uani, akamuuliza kwa Kirundi, kwa upole, kama ameona jiwe jeupe. Alipogeuka kumchukulia kigoda, uani hapakuwa na mtu.

Kijiji kizima cha Kitahana kilicheka. Loyce hakucheka. Yeye na shoga yake Yasmini walipenda kuokota mawe mazuri, kuyasugua juu ya mwamba kwa mchanga na maji, kisha kuyang'arisha kwa jivu na kitambaa. Mwezi uliopita, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa, waliokota jiwe jeupe linalopitisha mwanga. Lilikuwa katika mstari mfupi wa mawe. Walidhani ni ukingo wa bustani ya maua. Wakalipasua, kila mtu na nusu yake.

Jana Loyce alirudi pale peke yake. Akaiona mistari mingine majanini, yote imeelekea upande wa Burundi.

Leo alimkuta Yasmini mwambani, anasugua nusu yake.

"Shoga, ule mstari ulikuwa kaburi. La mtoto."

"Na wewe umeanza ya Mama Josephina? Yule hata mbuzi wake akikohoa, husema ni jini."

"Halifiki hatua mbili, Yasmini. Nimelipima."

Mkono wa Yasmini ulisita, kisha ukaendelea polepole.

"Nipe nusu yako," Loyce alisema. "Twende tukamrudishie mama wa watu jiwe la mwanawe."

Yasmini hakumpa; akachota mchanga mwingine, akaumwagia maji, akaendelea kusugua.